Reli ya Kuanikia Nguo

Umeme ulikatika tena asubuhi ya Jumatatu, na Mwadi hakuhitaji kutoka nje ili ajue nani angelaumiwa. Alisikia tak! kwenye baraza la jirani, friji yake ya samaki ikakohoa na kunyamaza, kisha ikapanda sauti ya Papa Ambroise, sauti nene ya mtu aliyezoea kushindana na injini za treni.

“Mama Chancelvie! Frigo yako inaangusha tena courant! Toa prise!”

Mwadi aliichomoa friji yake. Angefanya nini? Nyumba za kambi ya reli hapa Kamina zilijengwa mbilimbili, ukuta mmoja katikati, na kampuni ya umeme wa jua ilipokuja ilifunga sanduku moja kwa nyumba zote mbili. Sanduku likawekwa kwenye baraza la Papa Ambroise, kwa sababu kila kitu cha maana katika kambi ile huwekwa kwa Papa Ambroise. Ndani yake mlikuwa na kifaa cheupe chenye kitufe, mafundi wanakiita diferansieli. Kitufe kikianguka, nyumba zote mbili zinakosa umeme mpaka mtu akiinue.

Tangu kiangazi kianze kilianguka kila mara, na kila kilipoanguka ni friji ya Mwadi iliyohukumiwa. Hakuna aliyeitaja pasi ya Mama Clémentine, mke wa mzee. Hakuna aliyeitaja taa ya kibanda cha nyuma, mzee alikofugia vifaranga wake. Friji ya mwanamke muuza samaki, hiyo ndiyo yenye dhambi. Wapita njia walisimama kwenye ua, wakatikisa kichwa na kusema, “Pole, mama. Uuze ingine.” Kana kwamba friji huokotwa njiani.

Na friji ile ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba. Mume wake Yav, dereva wa treni, alilala safarini zaidi kuliko alivyolala nyumbani, na mshahara wake ulikuja kwa mwendo wa gari la mizigo. Samaki walifika kutoka Bukama kwa treni, Mwadi akawagandisha na kuwauza kidogo kidogo kwa wake za wanajeshi wa Base, ile kambi kubwa ya jeshi. Friji ikizimwa nusu siku, samaki wanalegea. Ikizimwa siku nzima, wanakuwa wa mbwa. Jumatatu ile mbwa wa kambi walikula vizuri sana.

“Mama, juu ya nini hatumuambie?” aliuliza Chancelvie, binti yake, msichana mrefu aliyekuwa akijifunza kushona kwenye foyer, kituo cha akina mama. “Frigo yetu haina na shida.”

“Utamuambia nini? Njo chef ya baba yako. Njo parrain yako. Nyamaza, uniletee karai.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe. Papa Ambroise ndiye aliyemfundisha Yav kuendesha treni, ndiye aliyemshika Chancelvie siku ya ubatizo, na sasa, baada ya kustaafu, alikuwa mzee wa kanisa mwenye kiti chake cha mbele. Wako watu ambao huwezi kuwakasirikia mpaka uombe ruhusa kwanza. Mwadi alikuwa amejifunza kumeza hasira kama mtu anavyomeza kidonge kikavu, bila maji.

Lakini kidonge cha Jumatatu hakikushuka. Jumanne alifunga samaki wawili wazuri katika gazeti, akaenda sokoni kumtafuta fundi.

*

Fundi aliitwa Mbayo. Alikuwa na kibanda karibu na soko, alijua kazi yake, na alijua pia nani ni nani katika mji. Alisimama kwenye baraza la Papa Ambroise akiwa ameshika kofia mkononi, akaomba ruhusa mara mbili kabla ya kugusa sanduku.

Alichomoa friji, akainua kitufe. Kikakaa. Papa Ambroise akacheka puani.

“Munaona? Nilisemaka.”

“Ngoja kidogo, papa,” alisema Mbayo. Akaacha friji ikiwa imechomolewa, akaenda nyuma kwenye kibanda cha vifaranga, akawasha na kuzima ile taa ndogo, akafuata waya wake kwa macho. Halafu akasimama pale akikuna shingo, maana waya uliotoka nyumbani kwenda kibandani ulikuwa mmoja tu. Upande wa pili wa taa, kipande cha waya kilitoka dirishani na kufungwa kwenye nguzo moja ya uani.

Nguzo yenyewe ilikuwa kipande cha reli kuukuu, kilichosimikwa ardhini zamani. Kutoka kwenye reli hiyo, waya wa chuma ulivuka ua mzima mpaka kwenye nguzo ya mbao karibu na jiko la Mwadi. Nyumba zote mbili zilianika nguo juu yake. Chini ya reli udongo ulikuwa umelowa, na huku mvua ilikuwa imewasahau tangu Aprili.

“Nani anamwangaka maji hapa?” aliuliza Mbayo.

“Minyi,” alisema Mama Clémentine, akiangalia vidole vyake vya miguu. “Papa anasemaka reli ikunywe. Kama haikunywe, ampoule ya taa inawaka kidogo.”

Mwadi alikodoa macho. Kiangazi kile maji yalichotwa mbali, wanawake walipanga foleni na madumu, na kumbe ndoo nzima ilikuwa ikinyweshwa chuma!

Mbayo alirudi barazani, akaeleza polepole, kwa adabu, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

“Papa, hii kidude haiangaliake kama courant iko mingi. Inahesabu. Courant inatoka na waya moja, inatumika, inarudia na waya ya pili. Ile inatoka na ile inarudia, lazima bilingane. Ni sawa treni: bantu mia banatoka, bantu mia barudie. Kama mumoja hakurudia, chef de gare anafunga njia.”

“Na ule mumoja anaendaka wapi?” aliuliza Mwadi.

“Mu udongo, mama. Ao mu maji. Ao mu mwili ya muntu. Kidude haijue ni wapi. Inaona tu hakurudia, inakata mbio, muntu asikufe. Frigo yote inapotezaka kadogo, na hii yako inapoteza kadogo, haina mubaya. Lakini hii ampoule ya kuku, papa, inapoteza yote. Haina na waya ya kurudia. Courant yake yote inaingia mu udongo. Wakati reli imekauka, kidude inavumilia. Mama akimwanga maji, courant inapita mingi, unaongeza ile kadogo ya frigo, tak, inaanguka.”

“Unasikia!” Papa Ambroise alimgeukia Mwadi kwa furaha. “Anasema frigo inapoteza!”

“Papa, nilisema kadogo...”

“Inapoteza ao haipoteze?”

“Inapoteza, lakini...”

“Basi.” Mzee alisimama. Alikuwa mrefu hata uzeeni, na alijua faida ya urefu wake. “Weye ulizaliwa lini, mutoto? Minyi nilitembeza locomotive ya courant maisha yangu yote. Juu iko na waya ngapi? Moja! Na ya pili ni nini? Reli! Courant inarudiaka na chini, mu reli. Niambie nani alikufa!”

“Reli ya treni inafika ku sous-station, kwenye courant inatoka, papa. Hii yako imesimama tu mu udongo.”

Mama Clémentine aliingia ndani. Papa Ambroise alimtazama fundi kuanzia viatu mpaka kichwani, akitafuta pa kumshika, na akapapata bila shida.

“Kanisa inajenga salle mupya ya mikutano,” alisema. “Iko na kazi ya courant. Nilitaka niseme jina yako.”

Mbayo alimeza mate. Tunajua sote jinsi njaa inavyomfundisha mtu adabu, kwa hiyo tusimcheke sana. Lakini tusimsamehe pia.

“Papa anataka nifanye nini?”

“Hii kidude inatusumbua. Pitisha courant pembeni. Baridi ya mwezi wa sita imefika, bana-kuku bangu banakufa, nataka niweke ampoule kubwa, na kila mara nikiweka inaanguka.”

Mbayo akamgeukia Mwadi. Hilo angalau alilifanya. “Mama, courant ni ya nyumba mbili. Weye unasema nini?”

Mwadi alilijua jibu. Alikuwa amesikia kila neno, na maneno yale, “mu mwili ya muntu”, yalikuwa bado yamesimama mbele yake. Lakini treni ya Bukama ilikuwa inaingia mchana huo na makapu yake, na mke wa kapiteni mmoja wa Base alikuwa ameagiza samaki wa arusi. Akiharibu arusi ile hakuna atakayemnunulia tena.

“Fanya mupesi,” alisema. “Samaki beko mu njia.”

*

Friji iliimba siku zote zilizofuata. Kitufe hakikuanguka tena, kwa sababu umeme haukupita tena kwake. Mbayo alikuwa ameuzungusha kwa vipande viwili vya waya na kukiacha pale kama askari aliyenyang'anywa bunduki. Papa Ambroise akatia kufuli kwenye sanduku, ufunguo akautia mfukoni. Alisema ni juu ya watoto wanaoshikashika vitu.

Kisha, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kumkataza, akaanza kuongeza. Taa ndogo ikatolewa, zikaja kubwa. Vifaranga walipoendelea kutetemeka, akaleta réchaud, jiko la umeme lile la koili, akaliwasha katikati ya kibanda. Halikushika moto vizuri. Akasema ni jiko bovu la magendo, akamwamuru mkewe aongeze maji kwenye reli.

“Mama,” alisema Chancelvie jioni moja, akisugua kiganja chake kwenye kitenge, “kamba ya nguo inanikamata.”

“Inakukamata namna gani?”

“Inatetemesha mukono. Sawa vile musumari iko mu mufupa.”

Mwadi hakungoja. Alijifunga kitenge upya, akazunguka ukuta, akamkuta Papa Ambroise amekaa na wazee wenzake wa kanisa, chupa za soda mbele yao. Alipiga goti kidogo, kama inavyotakiwa.

“Eyo vidye,” alisema, salamu ya heshima kwa mkubwa. “Papa, mutusamehe. Kamba ya nguo inakamata mutoto mukono. Ile reli, papa. Kama munaweza kuita tena fundi...”

“Kamba inakamata mutoto?” Mzee aliwatazama wageni wake, akawakonyeza. “Mama Chancelvie, umemupima huyu mutoto? Mukono inatetemeka, kesho kichwa kinazunguka, kesho kutwa anatapika. Angalia muzuri, utapata mujukuu.”

Wazee wa kanisa walicheka. Mmoja alicheka mpaka soda ikampalia. Mwadi alibaki na goti lake limekunjwa, uso ukimwaka, mtoto wake akiwa amevuliwa heshima mbele ya watu kwa sababu ya mzaha tu. Alisema asante. Mpaka leo hajui kwa nini alisema asante. Alirudi nyumbani akamkataza Chancelvie kuanika kwenye kamba. Nguo zao zikawa zinaanikwa juu ya ua wa miti.

Ingeishia hapo, kama si nguo za kanisa. Ni desturi ya kambi ile: binti wa ubatizo humfulia mzee wake wa ubatizo nguo za kanisa, vitambaa vya meza ya Bwana na kanzu za kwaya, kila Jumamosi kabla ya komunyo. Hulipwi, hushukuriwi, na ukikataa jina lako linatajwa kwenye mkutano wa wamama. Jumamosi ile Mama Clémentine alileta karai limejaa, na Chancelvie alipoanza kutandaza kitambaa cha kwanza juu ya majani, mama yule alimzuia.

“Hapana pa majani, mwanangu. Nguo ya Mungu itashika madoa. Papa alisema uanike ku kamba.”

Mwadi alikuwa jikoni, akitwanga sombe, majani ya muhogo. Hakusikia maneno hayo. Alichosikia ni karai kuanguka, na baada yake hakusikia sauti yoyote ya binti yake.

Alitoka. Chancelvie alikuwa amesimama miguu mitupu katika maji ya sabuni, mkono wa kuume juu, vidole vimeukumbatia waya wa chuma. Mdomo ulikuwa wazi na haukutoa kitu. Mwili mzima ulikuwa ukitetemeka, na kitambaa cheupe kimemfunika bega.

Mwadi alinyoosha mikono amkumbatie, kisha akakumbuka maneno ya fundi: mu mwili ya muntu. Aligeuka, akakimbia mpaka kwenye baraza la jirani, akalivuta sanduku. Kufuli.

“Ufunguo! Mama Clémentine, ufunguo!”

“Papa ameenda nayo ku kanisa!” Mama Clémentine alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. “Iko naye mu mufuko!”

Mwadi alilipiga lile sanduku kwa ngumi mara moja, upuuzi mtupu, ngozi ikachubuka. Halafu akarudi mbio, akachukua mchi wake mwingine, ule mkavu, akaunyanyua kwa nguvu zote za mwanamke aliyetwanga maisha yake yote, akaupiga mkono wa mtoto wake mwenyewe. Mara ya kwanza vidole havikuachia. Mara ya pili alisikia mfupa, na Chancelvie akaanguka juu ya kanzu za kwaya.

Alikuwa anapumua. Kiganjani nyama ilikuwa nyeusi, na harufu yake Mwadi aliijua, maana alikuwa anachoma samaki kila siku.

Kile kifaa cheupe kingekata kabla msichana hajamaliza kushtuka. Kwa hilo kiliundwa, na kwa hilo kilikuwa kikianguka, wiki baada ya wiki, kikiwaambia watu wa nyumba mbili kwamba kuna kitu hakirudi. Wakakifunga mdomo.

*

Hospitalini walikata vidole viwili na kuufunga ule mkono uliovunjika. Chancelvie alitoka chumba cha upasuaji na furushi jeupe la bandeji mkononi, kubwa kuliko kichwa cha mtoto mchanga. Muuguzi mkuu, mwanamke wa maneno machache, alimwambia Mwadi kwamba kile kidole gumba huenda kisikunjike tena. Mwadi alimuuliza kama mtu anaweza kushona bila kidole gumba. Muuguzi alijifanya anatafuta mkasi.

Wakaja wageni. Walikaa juu ya vitanda vya watu wengine, wakaweka ndizi juu ya blanketi, na kila mmoja alisema neno lile lile, kama waliofundishwa pamoja: “Tumushukuru Mungu, hakukufa.” Mwadi alianza kulichukia neno hilo. Lilikuwa halimshukuru Mungu hata kidogo. Lilikuwa linamwambia yeye anyamaze.

Papa Ambroise hakuja. Alituma kuku wawili, na pamoja na kuku alituma maelezo, yakazunguka kambi nzima kabla kuku hawajachemka: ni friji. Friji mbovu ya Mama Chancelvie ilipeleka umeme ukutani, ukuta ukaupeleka kwenye ua wenye maji, mtoto akapigwa. Alionywa mara ngapi? Kambi nzima ilimsikia mzee akimwonya. Na hilo lilikuwa kweli, kambi nzima ilisikia. Ndiyo faida ya kusema uongo kwa sauti kubwa.

Jumamosi iliyofuata, Chancelvie akiwa amesharudishwa nyumbani, Yav alirudi kutoka safari na vumbi la njia bado usoni. Alimwangalia binti yake amelala, akatoka nje, akalia nyuma ya nyumba ambako alidhani haonekani. Halafu akaingia na kusema maneno ambayo Mwadi hakuyategemea.

“Kisimba anaita kikao kesho.” Kisimba alikuwa chef d'avenue, mkubwa wa mtaa. “Banataka tutoe frigo, halafu bintu biishe. Papa Ambroise atasaidia dawa kidogo.”

“Na weye ulisema nini?”

“Nilisema nitakuuliza.”

“Yav. Haikuwa frigo.”

“Najua haikuwa frigo!” Alisema hivyo kwa sauti ya chini, karibu na sikio lake, macho yakienda kwenye ukuta wa jirani. “Kesho nitafanya nini? Yule njo alinipa manette ya treni mu mukono. Bachef bote ba reli banamusikiliza. Akisema neno moja, beye banaweza kuniteremusha ku treni. Tutakula mukono ya Chancelvie?”

Mwadi alimtazama mume wake, mtu mwema, mtu ambaye hajawahi kumpiga, na akamwonea hasira kubwa kuliko kama angempiga. Akampa kisogo, akalala upande wa ukuta.

*

Kikao kilifanyika uani, baada ya ibada ya Jumapili, watu wakiwa bado na nguo zao nzuri. Kisimba alikaa kwenye kiti cha plastiki na kikaratasi chake. Papa Ambroise alikaa karibu naye, suruali nyeusi ya kanisa imenyooshwa kama kisu. Mbayo naye aliitwa. Alisimama nyuma ya watu, akaulizwa mbele ya wote kama ni friji ama si friji.

“Courant iko na mambo mingi,” alisema Mbayo, akiiangalia kofia yake. “Minyi siwezi kusema muzuri.”

“Asante,” alisema Kisimba.

Papa Ambroise akainuka. Hakukasirika, alisikitika, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alieleza jinsi alivyompenda mtoto yule tangu maji ya ubatizo. Alieleza jinsi alivyovumilia friji ile. “Na sasa nasikia benye kusema ni reli yangu. Reli! Bantu ba kambi ya reli banaogopa reli! Hata sasa, mbele yenu, bana-kuku beko na moto yabo, ampoule inawaka, réchaud inawaka. Reli imesimama pale. Imeuwa nani? Reli haiuwake muntu.”

Watu waliguna kukubali. Kisimba aliinama aandike. Yav alikuwa anachora udongoni kwa kidole cha kiatu.

Mwadi aliondoka katikati ya wanawake. Wengi walidhani anakwenda kulia. Alikwenda jikoni kwake, akachukua kitambaa cha meza alichokuwa ameloweka ndani ya karai, kimoja cha vile vya kanisa, akarudi nacho bila kukikamua. Maji yalichuruzika mpaka mbele ya viti.

“Papa Ambroise,” alisema, na hakupiga goti. “Muanike.”

“Nini?”

“Nguo ya kanisa. Iko mu maji toka siku ile. Mutoe viatu, muanike ku kamba.”

“Mama Chancelvie, una wazimu?” alisema Kisimba. “Mukubwa utamuvulisha viatu?”

“Mutoto yangu hakukuwa na viatu. Papa anasema reli haiuwake muntu. Bote tumesikia. Basi afike pale, ashike kamba, aanike, halafu minyi mwenyewe nitabeba frigo ku kichwa, niitupe mu barabara. Nitapiga goti mbele ya kanisa niombe pardon.” Sauti yake ilipanda, ikapasuka, naye hakujali. “Kitambaa kimoja tu! Mutoto yangu alianika kumi!”

Hakuna aliyecheka. Watu walianza kumwangalia Papa Ambroise, si kwa chuki, kwa kungoja tu, na kungoja kule kulimpata mahali ambapo hasira isingempata. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kwenda mbele. Alivua viatu vyake, kimoja kimoja, soksi baadaye. Nyayo zake zilikuwa nyeupe na laini kuliko mtu angedhani. Alichukua kitambaa kutoka mikononi mwa Mwadi, akatembea kuelekea kamba. Kila hatua ilikuwa fupi kuliko ile ya nyuma yake. Alisimama. Alinyanyua mkono wenye kitambaa, maji yakamtiririka mpaka kwapani.

“Ambroise! Usiikamate!”

Mama Clémentine alikuwa ameangusha kiti chake. Alimrukia mumewe, akamvuta kwa mkanda wa suruali, akamrudisha nyuma mpaka wote wawili nusura waanguke.

“Itakuuwa! Ilinikamata minyi, mara mbili, nilikuambia, ukasema ninyamaze! Usiikamate, baba, usiikamate!”

Kisha akajisikia mwenyewe alivyosema. Akaziba mdomo, lakini maneno yalikuwa tayari nje, mbele ya kambi nzima. Mzee alibaki amesimama miguu mitupu na kitambaa chake, akivuja maji.

“Mulijua,” alisema Mwadi.

Mama Clémentine alilia kwa sauti. Hakuna aliyemsogelea.

“Ulimuletea mutoto yangu karai. Ulimuambia pa majani hapana. Na ulijua.”

Kisimba alikunja kikaratasi chake. Alianza kusema kwamba maneno haya sasa ni mazito, kwamba afadhali yaendelee ndani, kati ya familia mbili, wakristo wanasikilizana. Yav ndiye aliyemkatiza, na sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyekuwa na koo bovu siku nyingi.

“Papa, ufunguo.”

Papa Ambroise alimwangalia kijana aliyemfundisha kazi. Aliingiza mkono mfukoni, akautoa, akampa. Yav alikwenda kwenye sanduku bila kuaga mtu, na baada yake, bila kuitwa, Mbayo akafuata na bisibisi yake, kichwa chini, kukirudishia umeme kile kifaa cheupe. Mwadi alimwona na hakumshukuru. Vidole havirudi kwa bisibisi.

Hakungoja mwisho wa kikao. Aliingia ndani, akanawa mikono, akachukua bukari na samaki. Chancelvie alikuwa ameketi kitandani, furushi lake jeupe juu ya mto. Alikuwa amesikia yote kupitia dirisha, uso wake ulionyesha. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, ila alikataa kula kwa huo, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Basi Mwadi alikaa ukingoni mwa kitanda, akafinyanga tonge dogo la ugali ule, akachovya kwenye mchuzi. Huko uani walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kanisa, ili kufunga kikao vizuri.

“Fungua kinywa,” alimwambia binti yake, na akamlisha kama mtoto wa miezi.